Safumlalo Ipi Ibaki? Kuondoa Marudio katika Orodha za Maneno, kwa Mfano wa Chasu cha Shighatini



1. Utangulizi

Mtafiti anayekusanya msamiati wa lugha isiyoandikwa sana hukusanya pia marudio. Neno moja husemwa na watoa taarifa watano, huandikwa na wakusanyaji watatu, na hunakiliwa kutoka daftari hadi kompyuta zaidi ya mara moja. Kazi inapofikia ukingoni, orodha huwa na maelfu ya mistari, na sehemu kubwa ya mistari hiyo husema jambo lilelile. Hapo ndipo inapotolewa rai inayoonekana kuwa nyepesi: yaondolewe marudio, na pale mistari miwili inapogongana, ubakizwe ule wenye kadiri kubwa zaidi.

Mhadhara huu unakusudia kuichunguza rai hiyo. Hoja yake ni kwamba kuondoa marudio ni uamuzi wa kiisimu, hata pale unapotekelezwa na mashine kwa kufumba na kufumbua. Anayeamuru mstari mmoja ubaki na mwingine ufutwe anadai mambo matatu kwa wakati mmoja: kwamba mistari hiyo inahusu kitu kimoja, kwamba kadiri zake zinapima jambo moja, na kwamba kinachofutwa hakitahitajika tena. Kila moja ya madai hayo yaweza kuwa kweli au uongo. Yakiwa uongo, kitakachofutwa ni ushahidi wa usemi wa watu.

Mfano mkuu umetolewa Shighatini, katika milima ya Upare. Sababu ya kuchagua mahali hapo itadhihirika mapema, kwa kuwa jina lenyewe ni kielelezo cha tatizo.

2. Shighatini na uandishi wa jina lake

Shighatini ni kata ya Usangi, katika Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Imo katika Upare ya Kaskazini. Kusini yake, katika Wilaya ya Same, ndiko iliko Upare ya Kusini. Lugha ya wenyeji wa pande zote mbili ni Chasu, ambacho kwa Kiswahili huitwa pia Kipare. Katika uainishaji wa Guthrie lugha hii ni G22, na katika mfumo wa kimataifa wa alama za lugha ni asa.

Jina Shighatini lina kikwamizo ghuna cha kaakaa laini, sauti ambayo Kiswahili Sanifu huiandika gh. Katika Kiswahili sauti hii hupatikana hasa katika maneno yenye asili ya Kiarabu, kama vile lugha, ghali na ghafla, na wasemaji wengi wa bara huibadili kuwa g. Lakini katika majina ya Upare kama Shighatini na Kighare, sauti hiyo haikuletwa na Kiarabu. Ni ya pale pale.

Misheni ya Leipzig ilipoanzisha kituo chake mahali hapo mwaka 1900, Wajerumani waliliandika jina kwa mazoea yao: Schigatini. Baadaye, waliozoea tahajia ya Kiswahili lakini hawakuitambua sauti ya gh waliandika Shigatini. Maandishi rasmi ya leo yana Shighatini. Kwa hiyo, mtafiti anayekusanya marejeo kuhusu mahali hapa kutoka nyaraka za misheni, ramani, ripoti na maandishi ya sasa atakuwa na majina matatu ya mahali pamoja, na pengine zaidi ikiwa wanakili hawakuwa makini na herufi kubwa na ndogo.

3. Istilahi

Kabla ya kuendelea, inafaa istilahi zielezwe, kwa sababu Kiswahili kimepata maneno ya kazi hii katika miongo ya karibuni tu, programu za kompyuta zilipoanza kutafsiriwa. Jedwali la kompyuta ambalo hukokotoa huitwa lahajedwali, yaani laha yenye jedwali. Msomaji wa haraka huona ndani yake neno lahaja, na katika mada hii kosa hilo lina manufaa yake, kama itakavyoonekana.

Mstari unaokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safumlalo. Unaoshuka kutoka juu kwenda chini ni safuwima. Neno safu peke yake lisingetosha, kwani Kiswahili hulitumia kwa mpangilio wa aina zote mbili, kama linavyotumika pia kwa safu ya milima. Safuwima ambayo kwayo safumlalo mbili huhukumiwa kuwa zinahusu kitu kimoja itaitwa ufunguo. Ufunguo waweza kuwa safuwima moja au kadhaa kwa pamoja. Safuwima ya tarakimu inayotumika kuamua ipi ibaki itaitwa kadiri.

Marudio yanayozungumzwa hapa yasichanganywe na uradidi wa kisarufi. Katika sarufi, kurudia hubeba maana: polepole si pole iliyoandikwa mara mbili kwa bahati mbaya. Katika lahajedwali, kinyume chake, kurudia hudhaniwa kuwa uchafu mpaka ithibitike vinginevyo. Dhana hiyo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa.

4. Utaratibu wa kazi

Kwa upande wa ufundi, kazi yenyewe si ngumu. Orodha nzima hupangwa kwanza kwa kufuata ufunguo, kisha ndani ya kila ufunguo kwa kadiri, kutoka kubwa kwenda ndogo. Baada ya hapo marudio huondolewa kwa kutazama ufunguo peke yake. Programu ya Excel, ambayo tangu toleo lake la mwaka 2007 ina amri maalumu ya kazi hii, hubakiza safumlalo ya kwanza inayoikuta na kufuta zinazofuata. Kwa kuwa yenye kadiri kubwa imetangulizwa, ndiyo inayobaki.

Hata hivyo, yapo mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza, mtumiaji asipopunguza safuwima zinazolinganishwa, programu itafuta tu safumlalo zinazofanana kila kitu. Mbili zenye neno moja na kadiri tofauti zitabaki zote.

Pili, tarakimu iliyoingizwa kama maandishi si tarakimu kwa mashine. Katika mpangilio wa kushuka, Excel hutanguliza maandishi kabla ya tarakimu, isipokuwa iagizwe kuyachukulia kama tarakimu. Hivyo 9 iliyoandikwa kimakosa kama maandishi yaweza kukaa juu ya 97 iliyo halali, na ikabaki yenyewe.

Tatu, safumlalo mbili zaweza kuwa na kadiri kubwa iliyo sawa. Hapo kanuni ya kadiri haina la kusema, na kinachoamua ni nani aliandikwa mbele. Yafaa pawe na kigezo cha pili kinachojulikana, kwa mfano tarehe ya kurekodiwa.

Nne, ipo njia nyingine ya kutengeneza jedwali la muhtasari ambalo kwa kila ufunguo hutoa kadiri kubwa. Njia hii haifuti chochote, na hiyo ni sifa yake. Lakini mtu akiomba kadiri kubwa ya kila safuwima kivyake, atapata safumlalo iliyoungwa kwa vipande: idadi kutoka kwa mtoa taarifa mmoja, mwaka kutoka kwa mwingine. Hiyo ni safumlalo ambayo hakuna mtu aliyeirekodi.

5. Kitu kimoja ni kipi?

Mashine hulinganisha herufi. Haijui sauti wala maana. Tuchukue mfano wa kubuni, ambamo mtafiti amehesabu mara ambazo jina la kata limeonekana katika maandishi manne tofauti:

Shighatini – 14
shighatini – 9
Shigatini – 22
Schigatini – 3

Amri ya kuondoa marudio katika Excel haitofautishi herufi kubwa na ndogo, hivyo safumlalo mbili za mwanzo zitahesabiwa kuwa moja na 14 itabaki. Tahajia mbili nyingine zitaachwa kana kwamba ni mahali pengine. Orodha itaonyesha vituo vitatu palipo na kimoja.

Mtafiti makini ataongeza safuwima ya ufunguo na kuandika humo, kwa safumlalo zote nne, tahajia moja. Sasa marudio yanatambulika yote. Lakini akibakiza yenye kadiri kubwa, itakayobaki ni ya 22, na pamoja nayo tahajia Shigatini, ile iliyopoteza sauti ya wenyeji. Kanuni imefanya kazi bila kosa, na matokeo yake ni kwamba umbo lililoandikwa na wasioisikia sauti limewashinda wanaoitamka. Funzo lake ni kwamba ufunguo, umbo na kadiri ni mambo matatu. Wingi wa umbo si hoja ya usahihi wake.

Tatizo la kinyume chake ni la maneno yanayofanana herufi na kutofautiana maana. Katika Kiswahili, paa ni sehemu ya juu ya nyumba, ni mnyama wa porini, ni kitenzi cha kwenda juu na ni kitenzi cha kuondoa magamba ya samaki. Mbuzi ni mnyama, na ni kifaa cha kukunia nazi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huzitenganisha homonimu za namna hii kwa kuzipa tarakimu, kila moja ikiwa kidahizo chake. Mtu akizihamishia kwenye lahajedwali bila tarakimu hizo na kuondoa marudio, kila kundi litabakiwa na maana moja tu, ile iliyotumika zaidi katika matini alizozisoma. Matini za ujenzi zitamwachia paa la nyumba, na za mbuga za wanyama zitamwachia paa wa porini. Kwa hiyo ufunguo wa orodha ya maneno hauwezi kuwa neno peke yake. Angalau uwe neno, aina yake na tarakimu ya homonimu.

Mfano wa tatu uko katika majina ya lugha. Chasu, Casu, Asu, Athu, Pare na Kipare ni majina yanayokutwa katika orodha mbalimbali, na yote yahusu lugha moja. Alama asa huyaunganisha. Lakini katika Upare hiyohiyo ya Kaskazini, jirani na Usangi, kuna Kigweno. Nacho mara nyingi huingizwa chini ya jina la Kipare kwa sababu tu wasemaji wake wamo katika milima hiyo na wilaya hiyo. Kigweno ni lugha nyingine: Guthrie alikipa alama E65, alama yake ya kimataifa ni gwe, na kazi za Derek Nurse na Gérard Philippson zimekihusisha na lugha za Kichaga. Anayetumia wilaya kama ufunguo atakifuta Kigweno, kwa kuwa kadiri ya Chasu itakuwa kubwa kuliko yake daima.

6. Kadiri kubwa ni kadiri ya nini?

Hata ufunguo ukiwa sahihi, kanuni ya kubakiza kadiri kubwa hufaa kwa baadhi ya kadiri na haifai kwa nyingine.

Kadiri limbikizi ndiyo mahali pake hasa. Mkusanyaji anayeandika kila jioni jumla ya maneno aliyokwisha kuyapata, 120, kisha 185, kisha 240, ana safumlalo tatu za kazi moja, na iliyo kubwa imezimeza zile ndogo. Kubakiza 240 ni sawa kabisa. Ni sawa pia pale kadiri inapopima ubora wa ushahidi: kama rekodi ya sauti imepewa alama 3 na neno lililosikika kwa mbali likapewa 1, safumlalo yenye 3 ndiyo ya kutegemewa.

Hesabu zilizofanywa kila moja mahali pake ni jambo jingine. Neno lililoonekana mara 14 katika matini moja na mara 9 katika nyingine limeonekana mara 23. Kubakiza 14 ni kupoteza ushahidi wa matini nzima. Katika mfano wa jina la kata, jumla halali ilikuwa 48 na kanuni ilitoa 22.

Vipimo vilivyorudiwa, kama urefu wa irabu kwa milisekunde, huhitaji wastani, kwani kipimo kikubwa kuliko vyote mara nyingi ndicho kilichoharibika. Na idadi ya wasemaji huhitaji mwaka. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kutoa takwimu za makabila nchini Tanzania. Kwa hiyo idadi za wasemaji zinazokutwa katika vitabu tangu hapo ni makadirio ya watu na miaka mbalimbali. Anayeyapanga makadirio hayo pamoja na kubakiza lililo kubwa hapati ukweli uliochujwa. Anapata tu mkadiriaji aliyekuwa mkarimu kuliko wenzake.

Sasa na lirudiwe suala la lahaja. Kwa sensa ya mwaka 2012, Wilaya ya Same ilikuwa na watu 269,807 na Mwanga 131,442. Tarakimu hizo si za wasemaji wa Chasu, kwani Mwanga ina Wagweno na wilaya zote mbili zina wahamiaji. Lakini zinaonyesha uzani wa pande mbili. Mtafiti anayegawanya watoa taarifa kwa uwiano huo atachukua wawili Same kwa kila mmoja wa Mwanga.

Tuseme amewachukua 20 na 10. Kwa dhana moja, watu 12 wa Same wamempa umbo la kwanza, na watu wote 10 wa Mwanga wamempa umbo la pili. Ufunguo wake ni maana ya neno, kadiri yake ni idadi ya waliolitaja. Kanuni itabakiza umbo la kwanza kwa 12 na kufuta la pili lenye 10. Hivyo umbo ambalo upande mzima wa kaskazini umekubaliana nalo bila kupingwa linatoweka, na linabaki umbo ambalo hata kwao wanane kati ya ishirini hawakulitaja. Jambo hili halitatokea kwa neno moja tu. Litatokea kila mahali ambapo kaskazini na kusini zinatofautiana, na daima kwa kuelemea upande uleule. Mahali pakiingizwa katika ufunguo, maumbo yote mawili hubaki.

Kuelemea huko kuna historia. Waadventista walianza kazi Upare ya Kusini mwaka 1903, na mmoja wao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu mjini Berlin mwaka 1909. Tangu hapo kumeongezeka kazi nyingine, zikiwamo msamiati uliopangwa kimada na Ryohei Kagaya uliotolewa Tokyo mwaka 1989, na kamusi ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili ya Abel Mreta iliyotolewa mwaka 2008 katika Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetaka kuziunganisha kazi hizo katika lahajedwali moja atakutana na marudio mengi, na kila safumlalo atakayoigusa ilikusanywa mahali fulani, wakati fulani na kwa tahajia fulani. Mahali, wakati na tahajia ni sehemu ya ushahidi.

Gharama yake huonekana baadaye. Mwanafunzi wa Usangi anayefungua orodha ya lugha yake na kulikosa neno analolisikia kwa bibi yake hana njia ya kujua kwamba neno hilo lilirekodiwa, likahesabiwa, likashindwa kwa mbili. Atadhani bibi anakosea.

7. Mfano wa usanifishaji wa Kiswahili

Uamuzi wa aina hii si mgeni katika taaluma za Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kusimamia uchaguzi huo. Kwa kila dhana iliyokuwa na maumbo ya Kiunguja, Kimvita, Kiamu na mengineyo, vitabu vya shule vilibaki na moja. Kwa madhumuni ya shule, jambo hilo lilikuwa na hoja zake.

Lakini mwaka 1939 ilitoka pia, mjini Paris, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Charles Sacleux, ambayo iliyarekodi maumbo ya lahaja nyingi na kuonyesha kila moja ni la wapi. Mwaka huohuo zilitoka kamusi sanifu zilizoandaliwa chini ya Frederick Johnson. Kazi hizo hazigombani: moja ni orodha iliyochujwa kwa ajili ya matumizi, nyingine ni hazina. Leo mtafiti wa historia ya Kiswahili hurudi kwa Sacleux kwa sababu humo safumlalo hazikufutwa. Kama ingebaki orodha iliyochujwa peke yake, maswali mengi kuhusu Kimvita na Kiamu cha wakati ule yasingeweza hata kuulizwa.

8. Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, mhadhara huu unapendekeza utaratibu ufuatao kwa wanafunzi na watafiti wanaoandaa orodha za maneno.

(a) Laha ya awali isiguswe. Kazi yote ya kuchuja ifanyike katika nakala.

(b) Ufunguo uandikwe katika safuwima yake, mbali na umbo lililorekodiwa. Umbo libaki kama lilivyoandikwa na mkusanyaji, hata likiwa na kosa.

(c) Ufunguo wa msamiati ujumuishe neno, aina yake, tarakimu ya homonimu na mahali. Anayetaka kuondoa mahali katika ufunguo aseme kwa nini.

(d) Kabla ya kubakiza kadiri kubwa, iandikwe kwa sentensi moja kadiri hiyo inapima nini. Kama ni limbikizi au ni alama ya ubora, ibakizwe kubwa. Kama ni hesabu tenganifu, zijumlishwe. Kama ni vipimo, utafutwe wastani. Kama ni makadirio ya miaka mbalimbali, yabaki yote pamoja na miaka yake.

(e) Badala ya kufuta, ziwekwe alama. Safuwima moja ya ziada yenye neno «kuu» au «rudio» inatosha. Orodha fupi itapatikana kwa kuchuja, na orodha ndefu itabaki.

(f) Idadi ya safumlalo kabla na baada ya kuchuja itajwe katika utangulizi wa kazi, pamoja na kanuni iliyotumika.

9. Hitimisho

Kuondoa marudio ni kazi ya lazima. Orodha ambayo haijachujwa haisomeki, na wingi wake humdanganya msomaji kuhusu utajiri wa ushahidi uliopo. Aidha, kanuni ya kubakiza kadiri kubwa ni kanuni nzuri pale kadiri hizo zinapopima jambo moja la kitu kimoja. Nje ya mipaka hiyo, huchukua tofauti ya watu na kuiita kosa la mwandishi.

Kazi ya mwanaisimu ni kuiweka mipaka hiyo kabla amri haijatolewa. Orodha ya Chasu itakayoandaliwa kwa uangalifu huo itamwonyesha msomaji wa Same umbo lake na msomaji wa Shighatini lake, kila moja na idadi ya waliolitaja, na jina la kata litaandikwa kwa gh.